Jua la Nyuzi Saba

Mwezi wa Desemba jua la Märsta, mji wa Sweden, huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 7 hivi juu ya upeo wa macho. Mpiga picha aliyelelewa Dar es Salaam au Mombasa, ambako jua la saa sita husimama utosini na kumeza vivuli vyote, anaweza kuona huo ni ufukara. Wapiga picha wa klabu ya kamera ya huko huuona kuwa neema. Mwanga wa ubavuni, ambao pwani yetu hututolea kwa dakika chache asubuhi na jioni, hapa hudumu mchana kutwa. Safari zao za kutwa moja hupangwa kuufuata mwanga huo.

Mawindo hayako mbali. Uwanja wa ndege wa Arlanda uko jirani kabisa, lakini ukiupa kisogo unakuta mashamba ya udongo wa mfinyanzi, vichaka vya misonobari juu ya miamba iliyolainishwa na barafu ya kale, na ghuba nyembamba za ziwa Mälaren. Unakuta pia mawe ya runi. Jimbo hili la Uppland lina zaidi ya 1,000, mengi ya karne ya 11, yamechongwa mkanda wa joka uliobeba maandishi ya kuwakumbuka wafu. Sigtuna, mji ulioanzishwa karibu na mwaka 980, ni mwendo mfupi wa basi.

Kupiga jiwe la runi ni mtihani, nami hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mwanga ukilipiga jiwe usoni, michongo hutoweka na kubaki uso bapa. Ukija kutoka ubavuni, kila mfereji wa patasi hupata ukingo mmoja mweupe na mwingine mweusi, na joka huinuka. Kwa hiyo mtu hulizunguka jiwe kwanza, kamera ikiwa begani, akipima ni saa ngapi jua litalipita shavuni. Kisha husimika miguu mitatu ya kamera na kungoja. Uoto wa kijani juu ya jiwe haukwanguliwi, kwani mambo ya kale yanalindwa na sheria. Mawingu yakiziba, wengine huwasha taa ndogo kwa pembeni, lakini naona jua hulipa zaidi kuliko taa.

Theluji nayo ina elimu yake. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, hivyo kikikutana na shamba jeupe hupunguza mwanga na picha hutoka rangi ya saruji. Mjuzi huongeza hatua moja au mbili za mwanga kwa mkono wake. Betri za akiba hukaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza upesi. Na kabla ya kuingia mahali penye joto, kamera hufungwa ndani ya mfuko, ili unyevu utue juu ya mfuko badala ya kwenye lenzi.

Haki ya kila mtu kutembea katika ardhi ya mwingine, ambayo tangu 1994 imo ndani ya katiba ya Sweden, huwafungulia mashamba haya. Ina mipaka yake: hukanyagi mazao, huingii uani kwa watu. Hivyo wakati wa masika hupigia ukingoni kwa lenzi ndefu. Ardhi ikiganda chini ya theluji, wanaweza kukatiza katikati na kuliona ghala jekundu kutoka upande ambao mwezi Mei haufikiki. Wekundu huo, utokanao na mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun, huita jicho kwa nguvu, na mpiga picha aliyeiva huupa nafasi ndogo pembeni.

Victor Hasselblad wa Gothenburg, ambaye kamera zake zilifika mwezini mwaka 1969, alikuwa mpiga picha wa ndege wa porini. Subira ya kusimama vichakani imo katika asili ya ufundi wa nchi hii.

Juni mambo hugeuka. Mchana jua hupanda nyuzi 54 na kuharibu kila kitu, kwa hiyo mwenye kutaka mwanga wa chini huamka kabla ya saa tisa na nusu usiku, au hungoja hadi saa nne usiku. Wenye bidii hurudi kwenye jiwe lilelile la Desemba, kwa kuwa jua la kiangazi huchomozea kaskazini-mashariki na kuangaza ubavu ambao majira yote ya baridi halikuugusa.