Jicho Dogo kwa Treni Ndogo

Ukiinama juu ya meza ya reli za mfano na kubonyeza kitufe cha kamera, utapata picha ambayo umeiona mara nyingi: bomba la moshi la kichwa cha treni limetoka vizuri, mabehewa ya nyuma yameyeyuka, na jina la stesheni halisomeki. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kuwa ni modeli. Lawama humwendea fundi aliyeitengeneza, na aghalabu humwendea bure, kwa sababu kilichoharibu picha ni tundu la lenzi.

Hesabu yake ni fupi. Skeli ya HO ya reli za mfano ni 1:87. Lenzi ya milimita 50 iliyowekwa kwenye f/8 ina tundu la milimita sita na kidogo. Lizidishe mara 87. Kwa dunia ile ya mezani, hilo ni jicho lenye mboni ya zaidi ya nusu mita. Treni halisi haipigwi picha kwa jicho la namna hiyo, na sisi tuliokua tukitazama picha za treni halisi tunahisi kasoro hata kama hatujui kuitaja.

Basi, atasema mtu, tulipunguze tundu nalo mara 87. Tukifanya hivyo linabaki milimita 0.07, na hapo fizikia inagoma. Vyote mezani vimepunguzwa isipokuwa mwanga, ambao mawimbi yake yana urefu uleule kwa modeli na kwa treni ya tani mia mbili. Ukipita kwenye tundu dogo mno hujipinda kingoni na kutapakaa, na kila nukta inakuwa duara. Kwenye f/22 duara hilo lina kama milimita 0.03 juu ya filamu, kiasi ambacho macho yanavumilia. Kwa tundu la 0.07 linakaribia milimita nzima, na fremu ya filamu ya kawaida ina upana wa milimita 36 tu. Mbinu zote za kazi hii ni namna mbalimbali za kupatana bei na sheria hiyo.

Aliyepatana nayo mapema na kwa ujasiri ni John Allen wa Monterey, California. Alizaliwa mwaka 1913, kazi yake ilikuwa upigaji picha wa kibiashara, na chini ya nyumba yake alijenga reli ya HO aliyoiita Gorre & Daphetid, yenye milima iliyopanda kutoka sakafuni. Alifariki Januari 1973. Siku kumi baadaye moto ukaiteketeza reli hiyo. Walio wengi wanaijua kwa picha tu, zile zilizochapishwa miaka nenda miaka rudi katika jarida la Model Railroader.

Allen alibana lenzi hadi tundu likawa la sindano. Gharama yake ilikuwa muda. Kutoka f/8 hadi f/128 mwanga unapungua mara 256, kwa hiyo picha ya sekunde moja inadai zaidi ya dakika nne, na filamu za zamani, ambazo usikivu wao hushuka mwanga unapokuwa hafifu, zilidai zaidi ya hapo. Alikubali ulaini kidogo kila mahali ili asipate ukungu mkubwa mahali popote. Nadhani alichagua vyema: picha iliyolainika kwa usawa huonekana kama picha ya kale, wakati picha iliyogawanyika kati ya ukali na ukungu huonekana kama kichezeo.

Allen alikuwa pia na kichwa cha treni namba 13, cha kusogeza mabehewa stesheni, ambacho kilikuwa dinosaria. Jina lake Emma. Na picha za Emma zinaaminika! Mnyama aliyetoweka mamilioni ya miaka iliyopita anavuta behewa, nawe unatafuta kamba imefungwa wapi. Uhalisia wa picha hautokani na mada yake. Mabehewa ya Allen yalipakwa vumbi, kutu na masizi wakati wenzake wengi bado walipenda rangi inayong'aa, na baadhi ya mandhari yake yalirefushwa kwa vioo vilivyofichwa.

Kamera iwekwe wapi? Macho ya mtu aliyesimama yako kama mita 1.6 juu ya ardhi. Kwenye HO hiyo ni milimita 18. Kamera kubwa haifiki hapo, mwili wake unazuia. Simu inafika: igeuze kichwa chini ili lenzi iguse kokoto za reli. Lenzi ya simu yenye urefu wa milimita 5 na f/1.8 ina tundu la chini ya milimita 3. Kamera kubwa ingeweza kubanwa kufikia kipimo hicho, ila isingepenya kati ya jukwaa na behewa.

Mmarekani mwingine, Michael Paul Smith, alinufaika na udogo huo wa tundu kwa magari ya mfano ya skeli 1:24, aliyoyapanga juu ya meza nje, mbele ya miti na nyumba za kweli, akayapiga kwa kamera ndogo ya kawaida. Tuseme lenzi ya milimita 6 kwenye f/4: tundu ni milimita 1.5, na mara 24 ni sentimita 3.6. Hilo ni tundu la lenzi ya kawaida kabisa ya milimita 50 kwenye f/1.4.

Pia alikuwa na jua, na jua ni gumu kuliigiza ndani ya nyumba. Upana wake angani ni nusu digrii. Taa ya sentimita 10 ingebidi ikae karibu mita 11 kutoka mezani ili itoe kivuli chenye ukingo kama huo. Taa ya LED ya sentimita moja inatosha kukaa mita moja na kidogo, lakini kwa ukaribu huo vivuli vya nguzo za simu vinatawanyika kila kimoja na njia yake, wakati vya jua huenda sambamba. Taa mbili ni balaa zaidi: vivuli viwili. Na pembe iendane na mahali. Monterey, jua la mchana wa Desemba hupanda kama digrii 30 tu. Anayejenga stesheni ya Voi, karibu na ikweta, aiweke taa karibu utosini, giza lilale chini ya mabehewa.

Siku hizi programu kama Helicon Focus na Zerene Stacker huunganisha picha nyingi, kila moja imelengwa mbali kidogo kuliko iliyotangulia, na kuchukua sehemu kali ya kila moja. Kosa ninaloliona mara nyingi katika picha hizo ni bidii iliyopita kiasi. Treni halisi ikipigwa kutoka mita 20 kwa milimita 50 na f/8, vitu vyote kuanzia kama mita 7 hadi upeo wa macho huwa vikali. Vilivyo karibu zaidi hulainika. Kwenye HO mpaka huo ni sentimita 8. Kwa hiyo anza kulenga hapo, siyo kwenye majani yanayogusa lenzi. Upande wa mbali lenga hadi mwisho, ila milima uipake rangi iliyopauka kuelekea buluu, maana hewa ya mita mbili za chumba haina utusitusi wa kilomita nyingi.