Joho Linaloshonwa kwa Siku Moja

Katika misitu ya Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, kila mtawa wa Kibudha ana kibanda chake. Kimeinuliwa juu ya nguzo, na kati yake na cha jirani kuna miti ya kutosha kuzuia jicho na sauti. Kando yake pamefagiliwa njia ambayo mtawa huipita kwenda na kurudi, akitafakari. Ajahn Chah alianzisha Wat Nong Pah Pong kwa mtindo huo mwaka 1954, karibu na kijiji alikozaliwa, baada ya kuzunguka misituni miaka kadhaa. Mpita njia atasema hawa wameukimbia ulimwengu. Mimi ningemwomba aangalie nguo zao.

Joho la mtawa lina karibu mita 2 kwa 3, na kwa kanuni haliwi kipande kimoja: kitambaa hukatwa kwanza, kisha kikaungwa. Vinaya, yaani kanuni za maisha ya utawa, inasimulia kwamba Buddha akiwa safarini aliyatazama majaruba ya mpunga ya Magadha, katika India ya kale, na kingo zake, akamwuliza mwanafunzi wake Ananda kama angeweza kutengeneza nguo ya mpangilio ule. Ananda akaweza. Hadi leo vipande virefu na vifupi hupangwa kwa safu 5, 7 au 9, na mishono iliyokunjwa ndiyo kingo. Iko pia sababu ya tahadhari, kwamba kitambaa kilichokatwakatwa hakimtamanishi mwizi. Lakini kinachonishika mimi ni lile shamba. Mtawa huyu haruhusiwi kulima wala kuweka chakula hadi kesho, na ukiacha maji, hali kitu asichopewa mkononi. Kila asubuhi hutoka na bakuli, akapita kijijini kimya, wanakijiji wakamtilia wali wa kunata. Kisha hurudi kukaa peke yake, amejifunika majaruba.

Ufundi huu wa kushona joho hufikia kilele siku ya Kathina. Miezi 3 ya mvua watawa hawasafiri. Ikiisha, katika mwezi unaofuata, wanakijiji wanaweza kuleta kitambaa cheupe. Watawa hawaruhusiwi kukiomba. Wasipofika 5, hakuna Kathina. Na kitambaa hapewi mtu: inapewa jumuiya, nayo ikubaliane kimfikie nani, mara nyingi yule ambaye nguo yake imechakaa kuliko za wenzake. Hapo saa zinaanza kuhesabiwa, maana joho lazima lipimwe, likatwe, lishonwe, litiwe rangi na likauke kabla ya alfajiri.

Watu waliokaa kimya msimu mzima wanajikuta wameinamia kitambaa kimoja. Huyu anapiga mistari, yule anashika mkasi, mwingine anakunja pindo, mwingine yuko kwenye cherehani. Huko nje vibanzi vya kiini cha mfenesi vimechemka kwa saa nyingi mpaka maji yamegeuka hudhurungi. Mshono ukienda upande unafumuliwa, hata kama usiku umekwenda. Sijui fundi wa mjini mwenye haraka kama hiyo na unyenyekevu kama huo kwa pamoja, kwa sababu wengi wa wanaoshona hawatalivaa. Joho likikamilika, wenzake humtamkia mpokeaji kwamba wanaifurahia Kathina yake, na kwa kufurahia huko nao wanapata nafuu zilezile za kanuni anazopata yeye, kama vile kusafiri bila kubeba nguo zao zote 3. Katika sheria zote za Vinaya ninazozifahamu, hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote.

Maandiko ya Kibudha yana shairi la kale linalomhimiza mtu atembee peke yake kama kifaru. Yana pia mazungumzo ambamo Ananda anasema urafiki mwema ni nusu ya maisha matakatifu, na Buddha anamsahihisha kwamba ndio maisha hayo yote. Wapo wanaoyaona yanapingana. Mwenye kushona joho hawezi kuona hivyo, kwani kila kipande amekitenga kwa mkasi pande zote nne kabla hakijapata mahali pake.

Ananda huyohuyo aliwahi kupewa nguo 500 na wake wa mfalme Udena. Mfalme akashuku, akamwuliza atazifanyia nini zote. Akajibu kwamba atawagawia watawa waliochakaliwa. Na zilizochakaa? Zitakuwa matandiko, kisha foronya za magodoro, kisha za kutandika sakafuni, kisha za kufutia miguu, kisha za kupangusia vumbi. Mwisho zitachanwa, zichanganywe na udongo, zikandikwe sakafuni. Mfalme akaridhika, akamwongezea nyingine 500.