Slaidi za mkutano wa AMCOS: Impress inatosha

Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, huko Newala anapoandaa mkutano mkuu hahitaji mbwembwe. Anahitaji jedwali la kilo zilizoingia ghalani, bei ya kila mnada wa korosho na makato, lisomwe hata na mkulima aliyeketi benchi la nyuma. Kazi hiyo Impress, programu ya slaidi iliyomo ndani ya LibreOffice, inaimudu bila leseni ya kulipia. Faili la kuisakinisha lina takriban MB 350. Ukilipakua mara moja Masasi mjini, unalibeba kwenye flashi hadi kompyuta za vyama vya vijijini na kulisakinisha bila intaneti.

Shida huanza faili la slaidi linapohama kati ya PowerPoint na Impress. Slaidi nyingi za PowerPoint zimeandikwa kwa Calibri, fonti ya Microsoft. LibreOffice huweka Carlito mahali pake, fonti huru ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo mistari inakatika palepale. Fonti nyingine za biashara hazina pacha wa namna hiyo: maneno yanarefuka, safu ya makato inasukumwa nje ya slaidi, na makato yasiyoonekana mbele ya wanachama huzaa shaka papo hapo. Kwa hiyo tumia Liberation Sans tangu slaidi ya kwanza. Vipimo vyake ni sawa na vya Arial, hivyo mistari haihami. Nakala ya kufanyia kazi ibaki ODP, muundo ulio wazi uliopitishwa na ISO mwaka 2006. Ya kuonyesha kwenye projekta itoe kwa PDF. PPTX, muundo wa PowerPoint, mpe tu anayelazimika kuihariri, nawe ukague kila slaidi, hasa yenye miondoko au michoro ya SmartArt.

Kiswahili nacho kimo ndani ya LibreOffice. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org, ambayo LibreOffice ilichipuka kwayo mwaka 2010. Ilikuwa kazi kubwa, na inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa.

Watu kadhaa wakitaka kuhariri slaidi kwa wakati mmoja, Google Slides inafaa zaidi, mradi intaneti iwe ya uhakika.

Makatibu wa vyama vilivyo chini ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU, sakinisheni kabla ya msimu, na mjaribu slaidi zenu kwenye projekta ileile ya mkutano.