Ipoje Hiyo Muvi?

Kusimulia filamu nzima hakuhitaji kipaji. Hata mtoto wa darasa la pili ataweza, mradi umpe saa moja na uwe na subira. Kazi ni kumwambia mtu, kwa sentensi mbili, kama atoe pesa yake au akalale. Wapo wanaoijua kazi hiyo kwelikweli, na hawasifiwi vya kutosha, labda kwa sababu kitu kifupi huonekana hakikutolewa jasho.

Leonard Maltin wa Marekani alikuwa kijana mbichi mwongozo wake wa filamu ulipotoka mwaka 1969. Uliendelea kupata matoleo mapya hadi 2014, maelfu ya filamu ndani yake, kila moja na aya yake fupi. Inayotajwa zaidi ni ile ya Isn't It Romantic? ya mwaka 1948. Jina la filamu ni swali, na Maltin akalijibu kwa neno moja la kukana, basi, akahamia filamu inayofuata. Watu hucheka, na wana haki. Mimi huvutiwa zaidi na zile aya zake ambazo hakuna anayezitaja: mwaka, mwongozaji, dakika, kisha sentensi moja inayoonyesha filamu inasimama wapi na inateleza wapi. Pauline Kael, maarufu kwa makala zake ndefu katika jarida la New Yorker, naye alikusanya hukumu zake fupi katika kitabu kinene, 5001 Nights at the Movies, mwaka 1982. Mapenzi yake na hasira zake zote zimo humo.

Huku kwetu fani hii haikuwa na kitabu, ilikuwa na kaunta. Enzi za kanda za video, na baadaye CD, mwenye kibanda cha kukodisha ndiye aliyekuwa mhakiki wa mtaa. Unaokota kava, unauliza, "Kaka, hii ipoje?" Naye, bila kuacha kuhesabu chenji ya mwingine, anajibu: "Ngumi zipo, ila subiri nusu ya pili." Au: "Stelingi anakufa, nakwambia mapema." Mhakiki wa gazeti akifichua kwamba stelingi anakufa amekosea, pale kaunta ilikuwa huduma, maana wapo waliorudisha kanda kwa ugomvi. Kwa mama aliyekuja na watoto wake jibu lilibadilika: "Hii chukua, mama, lakini itazame mwenyewe wakishalala." Filamu ni ileile, mwulizaji siye yule. Na kwa kuwa wateja wale wale wangerudi kesho, kusifia upuuzi kulikuwa na gharama yake.

Hapo ndipo nyota na asilimia zinaponishinda. Tovuti ya Rotten Tomatoes ikiandika 90, wengi hudhani filamu imepata alama 90 kwa 100. Sivyo. Maana yake ni kwamba wahakiki tisa katika kila kumi waliiona inafaa, na huenda wote tisa waliiona inafaa kidogo tu. Namba haikwambii kama kuna ngumi wala kama watoto walale kwanza.

Hukumu fupi iliyotengenezwa vizuri lazima ionyeshe kitu kimoja cha filamu yenyewe, ili hata asiyekubaliana nayo ajue tunabishania nini. Commando ya mwaka 1985: mtu mmoja dhidi ya kisiwa kizima, bunduki haziishiwi risasi, na hakuna mtazamaji aliyewahi kudai zihesabiwe. Sholay ya 1975: zaidi ya saa tatu, nyimbo na farasi na Gabbar anayetisha hata akiuliza hesabu ya watu, lakini kinachokuliza ni sarafu moja, na siongezi neno. La Noire de... ya Ousmane Sembène, 1966: saa moja tu, msichana wa Dakar ndani ya nyumba ya watu Ufaransa, kinyago ukutani, utatoka umechoka kuliko baada ya Sholay. Black Panther ya 2018: mavazi ya kifalme, ila adui ana hoja nzito kuliko stelingi, na filamu yenyewe inalijua hilo.

Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, 2012, nitaipa nafasi zaidi. Mwas anauza filamu kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, yaani naye ni mhakiki wa kaunta, tena anayetumia mwili mzima. Akifika Nairobi anaporwa, anawekwa mahabusu, analazimishwa kuosha choo kinachotapisha. Joseph Wairimu, anayemwigiza Mwas, anakiosha kama mtu aliyepewa jukwaa. Hukumu yangu: nenda ukaone choo hicho, ujambazi unaofuata umeshauona kwingine.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, ni ngumu zaidi kuhukumu kwa sababu ni ya nyumbani. Macho yanashiba Unguja ile ya ukoloni; waliosoma riwaya ya Shafi Adam Shafi watadai kurasa zao. Nikisema hivyo, kuna atakayeniambia tuwaunge mkono wa kwetu. Nawaunga. Lakini miaka ya kuzikingia kifua filamu za Bongo ilituletea nini? Hadithi ya dakika arobaini ikavutwa, ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili inunuliwe mara mbili, na aliyelalamika akaitwa hasidi. Yule wa kaunta hakuwa hasidi. Alisema tu, "Chukua zote mbili, au usichukue kabisa."

Zipo filamu zinazoishinda fani hii. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, 1973: ukiniuliza ipoje, nitakwambia kuna pikipiki yenye pembe za ng'ombe, na vijana wawili wa Dakar wanaotafuta nauli ya kwenda Paris kwa kila hila. Ukiniuliza kama ni nzuri, nitakuomba uitazame kwanza, halafu uje tubishane, na hapo sentensi mbili hazitatosha.