Kongole kwa Wapimaji wa Jicho la Angani

Pale soko la Burma jijini Nairobi, hatua chache kutoka mtaa wa Kaloleni, mizani ya muuza nyama haiaminiwi kwa sababu inang'aa. Huwekewa mawe ya uzito unaojulikana, ikakaguliwa, ndipo ikapigwa muhuri. Kamera za setilaiti nazo zina wapimaji wake wa kuziwekea mawe, na leo nawapa kongole.

Kwenye picha ya setilaiti ya Sentinel-2, mraba mmoja ni mita 10 kwa 10. Paa la vigae vyekundu la Kaloleni ni doa moja au mawili tu. Doa likififia, ni vigae vimechakaa au ni kamera imechoka? Hapo ndipo wapimaji wanapoitwa. Setilaiti ya Landsat 8 hugeuzwa kila mwezi kuutazama mwezi wenyewe, ulio karibu mpevu, maana uso wake haujui mvua wala vumbi la Jogoo Road. Mwaka 2021, Landsat 9 ikiwa bado mgeni angani, ilipitishwa chini ya Landsat 8 ili macho mawili yaone ardhi ileile karibu kwa wakati mmoja. Na kule Gobabeb, katika jangwa la Namib, kipimo kilicho juu ya mlingoti hutazama changarawe, kikageukia anga, kikarudi kwenye changarawe, ili picha za setilaiti zilinganishwe na vipimo vyake. Siku nenda siku rudi. Changarawe, jamani!

Setilaiti yetu ya Kenya, Taifa-1, iliporushwa tarehe 15 Aprili 2023, tuliishangilia roketi. Kulinganisha rangi za picha hakuna vigelegele. Basi wapimaji wakipita Eastlands, nusu kilo ya Burma ni juu yangu, na mizani nitaitazama mwenyewe.