Mtenda Aliyefichwa: Lugha ya Taarifa za Ikulu na Mpaka wa Busia na Malaba, 1985–1987

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchambua fani na maudhui ya riwaya, tamthilia na ushairi, na kuziacha taarifa za serikali mikononi mwa wanasiasa na waandishi wa magazeti. Mgawanyo huo una hasara. Taarifa itokayo Ikulu wakati wa vita, au wakati wa mazungumzo ya kusimamisha vita, ni kazi ya lugha kama kazi nyingine: ina watunzi, ina hadhira, na ina kanuni za utunzi wake. Tena husikilizwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote, na wako wasikilizaji ambao kwa kauli yake huamua iwapo kesho watavuka kwenda sokoni au watabaki nyumbani.

Makala haya yanauhakiki utanzu huo kwa kuutazama mahali ambapo maneno yake yalipimwa kila siku, yaani Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda. Dai lake ni moja. Namna Rais Daniel arap Moi na wasaidizi wake walivyoziongoza habari za mgogoro wa Uganda kati ya 1985 na 1987 ilitegemea nafasi ya mtenda katika sentensi kuliko ilivyotegemea uteuzi wa msamiati. Mtenda alitokezwa au alifichwa kwa kadiri ya haja ya dola, na aliyekosa kumjua alikuwa mkazi wa mpakani.

Mahali na hadhira

Busia ni jina moja la miji miwili, mmoja Kenya na mmoja Uganda, na Wasamia wako pande zote mbili. Malaba nako Wateso wametengwa na mpaka uliowakuta wamekwisha kukaa. Hapo hupita reli itokayo Mombasa, na barabara yenye malori ya shehena za Uganda na nchi zilizo mbele yake. Mpaka wenyewe si wa kale: mwaka 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Februari 1976 Idi Amin alipolifufua jambo hilo na kudai sehemu ya magharibi ya Kenya, watu wa Busia walitambua kwamba neno lililosemwa redioni Kampala laweza kuligusa shamba la mtu.

Hadhira ya namna hiyo si ya kudharauliwa. Mwenye redio Busia aliweza kuisikiliza Sauti ya Kenya, akageuza kidogo akaipata Redio Uganda, na jioni akasikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Tukio moja lilimfikia kwa kauli tatu, naye akazilinganisha. Kazi hii ya ulinganishi, ambayo vyuo vikuu huifundisha kwa miaka, huko ilifanywa na mchuuzi wa nguo kabla ya kulala.

Isitoshe, hadhira hiyo ilikuwa na msamiati wake. Neno boda-boda, linalosimuliwa kuwa lilizaliwa Busia kutokana na waendesha baiskeli waliowavusha watu kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine, lilichukua neno la Kiingereza la mpaka na kuligeuza kuwa jina la kazi ya kuuvuka. Njia za panya ni jina la mahali ambapo serikali husema hapana njia. Mafutamingi, neno la Uganda ya Amin, lilimtaja aliyetajirika kwa magendo. Katika maneno haya yote mtenda yumo: yuko anayepakia abiria, yuko anayepenya, yuko anayenenepa. Hiyo ndiyo lugha ambayo taarifa ya Ikulu ilikutana nayo mpakani.

Fani ya taarifa ya Ikulu

Taarifa ya Ikulu katika miaka ya 1980 ilikuwa na mwanzo maalumu, kama hadithi zilivyo na paukwa. Habari ya kwanza redioni ilikuwa ya Mtukufu Rais, liwe liwalo lililotokea duniani siku hiyo. Maofisa wa kitengo cha habari cha Rais, ambacho Lee Njiru alikitumikia kwa miongo mingi, walifuatana naye kila alikokwenda, nayo habari ikatoka kwao kufika kwa Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilikuja kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Mtangazaji hakuwa mtunzi bali msomaji.

Muundo wa sentensi zake ulikuwa na pande mbili. Jambo lilipokuwa jema, kiima kilikuwa kirefu: cheo, jina na sifa za kiongozi zilitangulia hata msikilizaji akakingoja kitenzi kwa hamu. Jambo lilipokuwa baya, kiima kilipotea. Kiswahili kina njia nyingi za kulifanya hilo bila kuvunja kanuni yoyote. Iko kauli ya kutendwa isiyofuatwa na kiunganishi 'na': risasi zilipigwa, maduka yalifungwa. Iko kauli ya kutendeka: amani ilivurugika. Kiko kiambishi cha mahali: kulitokea mapambano. Ziko nomino za vitenzi: kusimamishwa kwa mapigano, kurejeshwa kwa hali ya kawaida. Na kiko kitenzi kipendwacho na watangazaji wote, kuzuka. Mapigano huzuka. Kitenzi hiki ni ndugu wa mzuka, na mantiki yake ni hiyo hiyo: kilichozuka hakikuletwa na mtu, basi hakuna wa kuulizwa.

Yafaa pia kutofautisha Kiswahili cha kusomwa na Kiswahili cha kusemwa. Ilikuwa desturi ya Rais Moi, kama ilivyokuwa ya Rais Kenyatta kabla yake, kusoma hotuba ya Kiingereza iliyoandaliwa na maofisa, kisha kuiweka kando na kuuambia umati maneno yake kwa Kiswahili. Katika Kiswahili hicho cha papo kwa papo watenda walijaa: mimi, nyinyi, wale. Wasaidizi waliweza kuyaongoza maandishi, lakini ulimi haukuwa chini yao. Ndiyo maana mtafiti hawezi kuzilaumu sarufi za Kiswahili kwa ufichaji huu. Lugha ile ile, katika kinywa kile kile, iliweza kufichua.

Lugha ya mpatanishi, 1985

Tarehe 27 Julai 1985 majeshi yaliipindua serikali ya Milton Obote, na Jenerali Tito Okello akawa mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi. Yoweri Museveni na jeshi lake la NRA waliendelea kupigana. Mwezi Agosti mazungumzo yalianza Nairobi chini ya uenyekiti wa Rais Moi, naye akisaidiwa na watu kama Elijah Mwangale, Waziri wa Mambo ya Nje, na Bethuel Kiplagat, Katibu Mkuu wa wizara hiyo. Yaliahirishwa mara kadhaa. Hatimaye, tarehe 17 Desemba 1985, Okello na Museveni walitia sahihi mkataba.

Hapa mhakiki hana budi kuwa mwadilifu. Mpatanishi anayemtaja mkosaji hadharani hupoteza kiti chake. Wakati wajumbe wa pande mbili wamo katika jengo moja na askari wao wanauana Luwero na Masaka, sentensi isiyo na mtenda ni pazia la lazima. Waliolifunga pazia hilo walikuwa wakiitenda kazi yao, na si haki kuwahukumu kana kwamba walikuwa waandishi wa magazeti.

Kasoro haikuwa katika ukimya wa mpatanishi. Ilikuwa katika kuutangaza ukimya huo kuwa habari kamili. Picha ya viongozi watatu na kalamu ilifanywa kuwa mwisho wa kisa, na kiima kirefu kikarudi mahali pake: amani ya Uganda ilikuwa na mtenda, naye alikuwa Mwenyekiti wa mazungumzo. Nchini Uganda wako waliocheza na maneno ya Kiingereza wakayaita mazungumzo hayo mizaha ya amani. Tarehe 26 Januari 1986 NRA iliiteka Kampala. Kutoka kutiwa sahihi hadi siku hiyo ni siku 40, muda ambao Waswahili huumaliza kwa kisomo cha arobaini ya maiti. Malaba na Busia ziliona wakimbizi na askari walioshindwa wakivuka, watu ambao taarifa za Desemba hazikuwa zimeacha nafasi yao.

Busia, Desemba 1987

Miaka miwili baadaye Kenya haikuwa mpatanishi tena. Uhusiano wa Nairobi na serikali mpya ya Museveni ulikuwa umeharibika: Kenya ilishuku urafiki wa Uganda na Libya, Uganda ikalalamikia vikwazo katika njia yake ya kwenda baharini, na kila upande ukaushutumu mwingine kwa kuwahifadhi maadui wake. Katikati ya Desemba 1987 bunduki zililia Busia. Watu waliuawa, shughuli za mpakani zikasimama, na wakazi wakakimbia.

Hapo ndipo sarufi ilipobadilika. Mtenda, aliyekuwa amefichwa tangu 1985, alitolewa nje mara moja, lakini mmoja tu. Nairobi ilimtaja askari wa Uganda, na Kampala ikamtaja askari na polisi wa Kenya. Kila serikali ilisema kwamba ya pili ndiyo iliyoanza. Kitendo cha jirani kilikuwa na kiima, na kitendo cha nyumbani kikaitwa jibu au ulinzi, majina yasiyo na mtu. Aliyezisikiliza redio zote mbili alipata watenda wote wawili, nusu kwa nusu. Aliyesikiliza moja alibaki na vita vyenye upande mmoja.

Mtu anaweza kusema kwamba vita hudai hivyo, na kwamba Novemba 1978 Rais Nyerere naye alimtaja adui redioni. Ulinganisho huo unafaa, lakini unathibitisha kinyume. Katika hotuba yake kwa wazee wa Dar es Salaam, Nyerere alimtaja Amin, kisha akawataja Watanzania wenyewe kuwa ndio watakaopiga, akieleza kuwa uwezo, sababu na nia wanavyo. Kitendo cha upande wake hakukinyima kiima. Msikilizaji alijua nani amefanya nini na nani atafanya nini.

Malaba, 28 Desemba 1987

Tarehe 28 Desemba Moi na Museveni walikutana Malaba, wakakubaliana kutuliza mgogoro na kuurudisha mpaka katika hali ya kawaida. Lilikuwa jambo jema, na malori yaliyokwama yalipata kwenda. Lakini kwa lugha, Malaba ilikuwa kurudi kwa pazia la 1985. Watenda waliotajwa kwa ukali wiki mbili kabla waliondolewa tena, wote wawili kwa pamoja. Hali ikawa ya kawaida, kana kwamba ndiyo iliyojiharibu na ndiyo iliyojitengeneza.

Tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na mpatanishi wa kulindwa kwa ukimya. Waliokutana ndio waliokuwa na bunduki. Mkazi wa Busia aliyefiwa hakupata katika taarifa hizo sentensi moja yenye mpigaji na mpigwa, ambayo angeweza kuishika mkononi na kudai haki yake. Methali ya zamani ni kweli kuliko taarifa hizo. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, nayo haisemi kwamba mapigano yalizuka nyasini. Huwataja fahali, tena kwa idadi yao.

Hitimisho

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba ufichaji wa mtenda una mahali pake halali, yaani katika kinywa cha mpatanishi, na kwa muda wa mazungumzo tu. Unapohamishiwa katika kinywa cha aliyepigana hugeuka kuwa msamaha anaojipa mwenyewe. La pili ni kwamba wataalamu wa lugha wana sehemu ya lawama. Kauli ya kutendwa hufundishwa madarasani kama zoezi la kugeuza sentensi, na mwanafunzi hupata alama kwa kulidondosha neno 'na' bila kuulizwa ni nani aliyedondoshwa pamoja nalo. Baadhi ya wanafunzi hao huwa watangazaji, na wachache huwa maofisa wa habari wa Ikulu.

Taarifa rasmi zastahili kukusanywa na kuhakikiwa kama tanzu nyingine, na kianzio cha uhakiki huo ni swali ambalo wachuuzi wa Busia walikuwa wakiulizana kila redio ilipozimwa: amesema zilipigwa, lakini zilipigwa na nani?