Ndege Ichotayo Maji Bila Kusimama

Canadair CL-215 ni ndege iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kuzima moto wa misituni. Iliundwa Kanada, nchi yenye misitu mipana na maziwa mengi, na iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 1967. Kabla yake, kazi hiyo ilitegemea zaidi ndege kuukuu, nyingi zikiwa za kivita, zilizofungwa matangi. Mrithi wake, CL-415, iliruka mwaka 1993.

Umbo lake linaeleza kazi yake. Tumbo ni la mashua, lina mkuku wa kukatia maji. Bawa limekaa juu ya kiwiliwili ili injini zisilowe kwa marasharasha, na karibu na kila ncha yake kuna boya la kuzuia ndege isilale ubavu. Magurudumu hutumika nchi kavu.

Ustadi wenyewe umo katika kuchota. Rubani huigusisha ndege majini ikiwa bado mbioni, kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Vidomo viwili hushuka chini ya tumbo, na kasi yenyewe husukuma maji hadi matangini, pampu haihitajiki. Kwa sekunde 12 tu CL-415 hujaza lita 6,137, yaani zaidi ya tani sita. Katika muda huo rubani huongeza nguvu ya injini, hutuliza pua ya ndege, na macho yake hutafuta mawimbi, magogo na boti.

Kumwaga nako kuna kipimo chake. Maji yakiachiwa juu mno hugeuka ukungu na kukauka njiani. Yakiachiwa chini mno huvunja matawi na kuhatarisha walio ardhini. Mara tangi linapofunguka, ndege hupungukiwa tani sita na hutaka kupaa ghafla. Mkono wa rubani lazima uwe tayari.

Ufaransa, Italia, Uhispania na Ugiriki huzitegemea ndege hizi kila kiangazi. Wafaransa huziita redioni Pélican, yaani mwari, ndege mwenye mfuko mdomoni.

Hata hivyo, maji ya angani hupunguza tu makali ya ndimi za moto. Kaa lililojificha chini ya majani huzimwa na zimamoto aendaye kwa miguu, na ndege humfungulia njia ya kulifikia.